Kikohozi cha Homa Bay

Uriri, Jumapili

Kwako Jacktone,

Huku tumevuna mahindi. Mama bado anakuita mtoto wa dadake mpendwa. Mimi siwezi.

Nasikia ile shule iliyotushinda kwenye mashindano ya kemia imekupokea, na tayari unavaa sweta yao.

Wewe pekee ulijua macho yangu hayaitambui rangi ya waridi. Mkono wako hutetemeka, kwa hiyo mimi nilishika bureti na kudondosha dawa kwa koki yake, nawe ulikohoa maji yalipogeuka rangi ili niifunge. Hata likizo tulifanya mazoezi hapa jikoni, mama akidhani u mgonjwa, akakuchemshia tangawizi.

Siku ile ya mashindano Homa Bay nilisubiri ukohoe. Matone yakazidi kuanguka, nawe ukatazama dirishani. Nilipofunga mwenyewe, rangi ilikuwa imekolea hadi msimamizi akacheka.

Krismasi usije. Kitanda chako nimekitoa nje, kuku wanakilalia.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama kile kikohozi kimepona. Nimemwambia kilipona Homa Bay, siku ileile nilipokihitaji.

Byron