Papa, Kwa Nini Uliniozesha kwa Benchi?

Papa wangu,

Nakuandikia nikiwa mezani kwa Maman, hapa Gihundwe, na yeye amenigombeza kabla sijaanza. Anasema waliolala waachwe walale. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa ukisema nina maulizo ya mtu wa duane, wa forodhani pale mpakani, kwamba hata nikiletewa andazi nitataka kujua limetoka wapi na linavuka kwenda kwa nani. Basi leo univumilie. Swali nililonalo ni lako, na nimelibeba kwa miaka mitano.

Chuo kimenipigia simu. Wanataka Jumamosi hii nikae kwenye kiti chako siku ya tuzo za timu ya wasichana. Niliwaambia nitafikiri. Sijawajibu hadi sasa, na sababu unaijua: mara ya mwisho nilipokuwa kwenye ukumbi wa tuzo hizo nilitoka bila kuaga mtu, na sijarudi tena. Siwezi kukalia kiti chako kabla sijajua kwa nini siku ile ulinifanyia vile.

Kwa atakayeisoma barua hii bila kujua mambo yetu, nieleze kidogo. Wewe, Papa, ruka hapa, ingawa najua hutaruka.

Ulikuwa mtunza stoo wa chuo, na jioni kocha wetu. Vikombe tulivisikia kwa wengine. Timu nyingine zilipomaliza msimu zilipewa medali, sisi tulipewa pole. Ndipo ukaanzisha zile arusi. Jumamosi baada ya mechi ya mwisho, ukumbi wa kulia unapangwa pande mbili kama siku ya gusaba, ile siku wanapokuja kuomba msichana: huku waombaji, kule wenye binti. Binti ni mchezaji. Bwana harusi ni kosa lake la msimu mzima.

Dativa, beki wetu, kila alipookoa hatari aliupeleka mpira bondeni kwenye maharage ya watu, na mechi ikasimama hadi urudi. Yeye aliposwa na Bwana Bonde miaka mitatu mfululizo. Kipa aliyekuwa akifumba macho kwenye kona aliposwa na Bwana Giza. Kuna msichana ambaye kiatu chake kilifika golini na mpira ukabaki, huyo sina haja ya kusema aliposwa na nani. Na wewe hukujiweka pembeni. Hotuba zako za mapumziko zilikuwa ndefu hadi refa akamtuma mtu aje kututafuta, kwa hiyo tulikuoza kwa Bwana Saa. Uliingia umejifunika kitenge cha Maman, unatembea polepole, macho chini, mkono mdomoni. Mkuu wa chuo alicheka hadi akamwaga Fanta yake kwenye sahani ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani.

Sheria ilikuwa moja, na uliisimamia kwa ukali kuliko sheria za mpira. Upande wa binti lazima ukatae. Waombaji wakiomba mara ya kwanza, baba anakataa. Wakiomba mara ya pili, anakataa tena na kuwatafutia kasoro. Mara ya tatu ndipo anakubali, na binti anakabidhiwa zawadi yake. Baba wa mabinti wote ulikuwa wewe. Ukiwakataa, uliwasifia hadi mchezaji akasahau kwamba anatuzwa kwa ubovu wake. Ulimwambia Bwana Bonde kwamba mguu wa Dativa ni mali ya taifa, apande mwenyewe kuja kuuomba.

Mimi nilikuwa mke wa Bwana Benchi.

Mwaka wa kwanza aliyekuja kuniombea alikuwa Claudine, kapiteni wetu, rafiki yangu wa bweni moja na sahani moja. Alisimama amevaa koti la kuazima, akakohoa kizee.

"Mzee, sisi tunatoka kwa Benchi. Kijana wetu haiko na maneno mingi, iko na miguu ine, na anamupenda mutoto wenu. Kila siku ya mechi banakaa pamoja."

Ukasimama, ukavua kofia, ukaivaa tena. "Ule mutoto? Haiwezekani. Ule tunamuchungia kiwanja. Muambie Benchi atafute mwengine."

"Mzee, atafute wapi? Banazoeana!"

Ukumbi ukalipuka. Nami nilicheka, Papa, nilicheka kweli. Nikapokea kigoda ulichokichongesha kwa fundi wa Mururu, kimepakwa rangi za timu, na nikakikalia palepale ili watu wacheke zaidi. Mwaka wa pili ulisema Benchi hana shamba wala ng'ombe, na kwamba ukoo wake wote ni mbao. Nilicheka pia, ila kidogo. Nilikuwa nimecheza dakika nane mwaka mzima, na hizo ni kwa sababu winga wetu wa kushoto, ambaye ndiye Claudine huyohuyo, alibanwa na msuli.

Kila jioni nilifanya mazoezi. Nilikuwa wa kwanza kufika kiwanjani na wa mwisho kukusanya koni. Nilijua wenzangu wananiita mtoto wa kocha, na nilijua kocha mwenye mtoto timuni anaogopa maneno ya watu. Au labda nilikuwa mbovu. Kati ya hayo mawili sikujua lipi ni la kweli, na kukuuliza sikuweza, maana nyumbani ulikuwa Papa na kiwanjani ulikuwa kocha, na swali langu halikuwa na pa kukaa.

Kisha ukaja mwaka wa tatu, wa mwisho kwangu. Claudine akasimama na koti lake. "Mzee, Benchi amenituma tena. Anasema huu mwaka anataka bibi yake moja kwa moja."

Ukasimama. Watu wakatulia, wanangoja maneno yako. Ukafungua mdomo, ukanitazama, ukaufunga. Kisha ukachukua kigoda, ukaja hadi nilipokaa, ukakiweka mikononi mwangu na kurudi kitini. Hukukataa hata mara moja.

"Mzee amesahau!" mtu akapiga kelele nyuma, na wengine wakacheka bila uhakika.

Mimi sikuona kwamba umesahau. Wewe uliyemtetea Dativa na maharage yake yote, uliyemtetea kipa asiyefungua macho, hukupata neno moja la kunitetea mimi, hata la uongo, hata la mchezo. Niliweka kigoda juu ya meza katikati ya sahani za wali wa Bugarama, nikatoka, nikashuka kilima kwa miguu hadi nyumbani. Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto.

Ulikileta kigoda mwenyewe jioni ile. Tangu siku hiyo tulizungumza habari zote, bei ya mafuta, mambo ya kazi yangu, magoti ya Maman, isipokuwa mpira. Hata ulipougua, na mimi nikakaa kando ya kitanda chako wiki mbili nzima, nilikukata kucha, nikakusomea zaburi, lakini swali langu nililimeza. Niliona aibu. Mtu mzima mwenye mshahara anawezaje kumuuliza mgonjwa mambo ya mechi za chuoni? Ukaondoka duniani bila kulisikia, na tangu hapo sijakusamehe vizuri. Nalisema wazi kwa sababu ni kweli.

Kwa hiyo simu ya chuo ilipokuja nikaamua kuulizia kwa walio hai. Nilianza na Maman. Alikuwa jikoni anamenya mihogo, amekalia kigoda kimojawapo cha ndoa zangu.

"Mimi mupira siijue," alisema. "Ile siku alikuya na hii kigoda, akakula kidogo tu."

"Alikuwa amekasirika?"

"Apana. Aliniuliza mutoto anaweza chukia muzazi wake mpaka lini." Akatupa ganda. "Nikamuambia inategemea na mutoto. Weye, nikamuambia, unaweza fika mbali."

Asante, Maman. Jumanne nikashuka Cyangugu kumtafuta Claudine, ambaye siku hizi anafanya kazi ofisini karibu na ziwa. Unamkumbuka, hawezi kusema jambo la maana kabla hajala. Tuliagiza sambaza. Tulipofika nusu ya sahani nikamuuliza moja kwa moja: kwa nini mwaka ule Papa hakukataa?

Aliacha kula. Kwa Claudine hiyo ni habari kubwa.

"Weye haukujua? Miaka yote hii haukujua?"

"Kujua nini?"

"Kura." Akafuta vidole polepole, kimoja kimoja. "Mwanzo wa kila mwaka papa yako alikuwaka anatuita pembeni, weye ukiwa kwa masomo. Anasema: 'Mutoto wangu anataka kucheza. Mimi ni muzazi, macho yangu siyaamini. Muandike ninyi, acheze ao akae.' Kila muntu anaandika kwa karatasi, bila jina, anatia ndani ya kofia yake."

"Na mliandika nini?"

"Akae."

"Wote?"

"Mutoto wa kocha akipoteza mupira, nani atamupigia kelele? Tuliogopa. Na namba yako ilikuwa yangu." Akanitazama usoni, hilo nampa heshima. "Mimi niliandikaka 'akae' mara tatu. Halafu nikakuya kukuombea kwa Benchi na ile koti."

Niliangalia ziwa. Yeye akaendelea kwamba uliwaapisha wasiniambie, na kwamba atakayefungua mdomo angekimbia kile kilima kila asubuhi mpaka Noeli. Uliwaambia: mimi atanikasirikia, na hasira hiyo nitakaa nayo, lakini ninyi anaishi nanyi bwenini. Ukaichukua hasira yangu yote ukaiweka kwako ili nibaki na rafiki. Na nilibaki naye, Papa. Miaka mitano nilikula naye, nikasimama arusini kwake, nikamlalamikia juu yako, na yeye akatikisa kichwa kunihurumia. Nilitaka kumwagia pilipili kichwani. Badala yake nikamuuliza lile jingine, ambalo kusema kweli ndilo lililokuwa likinichoma zaidi.

"Claudine, nilikuwa najua mpira?"

Akafikiria. Alijitahidi sana kunitafutia neno zuri, nikaona linavyomkosa.

"Weye ulikuwa na bidii," alisema. "Lakini ulikuwa unakimbia kama muntu anabeba ndoo ya maji, asimwage."

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, kilikuja chenyewe, na yeye akacheka hadi machozi, na mwenye mgahawa akaja kuangalia kama kuna mtu amekwamwa na mwiba. Kwa hiyo hilo limekwisha, Papa. Nilikuwa mbovu. Unashangaa jinsi mtu anavyoweza kupata nafuu kwa habari mbaya ikiwa ni habari kamili.

Tulipokuwa tunasimama kuondoka, Claudine akanishika mkono.

"Kuko kitu kimoja. Kila mwaka kofiani kulikuwa karatasi moja yenye imeandikwa 'acheze'. Moja tu. Tulifikiri ni Dativa, juu Dativa iko na huruma. Dativa akaapa haiko yeye. Mwaka wa tatu nikahesabu. Siye wachezaji, bila weye, tulikuwa kumi na saba. Karatasi zilikuwa kumi na nane."

Nimepanda hadi Gihundwe kwa miguu, sikutaka pikipiki, nilitaka kufikiri. Na sasa nadhani najua kwa nini siku ile ulikosa maneno. Sheria yako ilikudai usimame mbele ya watu useme, kwa mzaha, kwamba binti huyu si wa benchi, huyu ni wa kiwanja. Ulikuwa umeshaisema mara tatu kwenye karatasi bila mzaha wowote, na mara tatu ukashindwa kwa kura. Mwaka wa kwanza na wa pili uliweza kuigiza. Wa tatu ilikuwa ndiyo kwisha, nisingepata msimu mwingine, na mdomo wako ukakataa kulichezea jambo hilo. Huenda nakosea. Ningekuuliza ningejua, lakini sikukuuliza, na hilo ni langu, silitupi kwako tena.

Nimewapigia chuo nimekubali. Nimeambiwa kuna mshambuliaji mwaka huu anayeomba radhi kila anapompita beki, na wameshamtafutia Bwana Samahani. Nitakataa mara mbili, nitamsifia msichana huyo hadi aone haya. Claudine atakuja pia. Nimemwambia akae mbali nami hadi Jumapili, kisha nitamsamehe.

Pumzika, Papa. Maman anakusalimu, ingawa anajifanya hataki niandike. Sikukuaga siku ile ukumbini, wala hospitalini sikukuaga ilivyopaswa, kwa hiyo pokea kwaheri zote mbili kwa pamoja. Na ujue kwamba nimeshapima pande zote, kama kawaida yangu: wale kumi na saba walikuwa sahihi. Wewe peke yako ulikosea kuhusu mimi, mara tatu, na ulijua kabisa ninavyokimbia. Sijawahi kulipenda kosa la mtu kama ninavyolipenda hilo.

Ni mimi,
kifungua mimba wako