Namba ya Siri Iliyoachwa Kibandani

Ifakara, Jumanne. Mvua tangu asubuhi, bajaji zimejaa matope hadi kwenye viti.

Ninaogopa. Acha niliseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Programu niliyoiandika inatumiwa na wahudumu wa afya vijijini kufuatilia watu walio kwenye dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Huku bondeni mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo majina yote hukaa kwenye hifadhidata iliyo ndani ya simu yenyewe, imefungwa kwa usimbaji. Ukiiba faili lake utaona takataka tupu. Kwa kufuli hilo nilitembea kifua mbele.

Ila wahudumu walilalamika kwamba namba za siri zimezidi, wanazisahau. Nikawarahisishia: ukishafungua simu, hifadhidata nayo inafunguka.

Leo mchana nilimpigia mmoja wao, mama mtu mzima wa kijiji nisichokitaja. Akapokea mwanamume. Umeme umekatika huko, akasema, na mama ameacha simu kibandani kwake ichajiwe kwa sola. Nikampata mama kwa simu ya jirani.

"Shikamoo mama. Mbona simu yako anapokea mtu mwingine?"

"Marahaba mwanangu. Si nimemwachia na namba ya siri, awapigie walionikosa awaambie iko chaji? Sisi wote ndivyo tunavyofanya."

Nikamweleza kinachoweza kuonekana humo.

"Mke wa huyo mwenye kibanda yumo," akasema. "Na hajamwambia mumewe."

Sikustahili kulijua hilo. Sasa ninalijua.

Mama ameshaifuata simu. Yule bwana kamrudishia ikiwa imejaa chaji, kamtania kwa haraka yake, basi. Aliyafungua majina? Sina pa kuangalia, maana hifadhidata yangu haiweki kumbukumbu ya nani kaisoma. Nilihangaika na mwizi wa mbali, nikasahau kwamba huku namba ya siri tunaazimana kama kiberiti.

Nimeanza kuirekebisha. Programu itakuwa na namba yake peke yake, na wakilalamika walalamike. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

Kesho asubuhi ndiyo zamu ya yule mke kupita kwa mama kuchukua dawa.

Asipotokea, nitakuwa nimemfanya nini?