Shosho, Yule Mtu wa Mlimani Alifika?

Shosho, nyanya yangu,

Kesho asubuhi ndio ule mtihani wa shirika linalolipia watoto karo. Naogopa, na hapa nyumbani hakuna mtu ninayeweza kumwambia bila kumtia hofu naye. Mama alisema mara moja tu, akikunja nguo, bila kuniangalia: "Ukipita, lile shirika litakulipia karo mpaka umalize. Usipopita, itabidi ukae nyumbani kwanza, tuone." Hajalirudia. Lakini tangu siku hiyo nikifungua kitabu naliona lile "kwanza" limekaa juu ya ukurasa. Hapa Makongeni nawajua vijana walioambiwa wakae kwanza, na mpaka leo wamekaa.

Kinachoniogopesha ni Kiingereza. Hesabu nitajikaza. Lakini ufahamu, ile karatasi yenye kifungu na maswali chini yake, nimeuzoea nikiwa na wewe tu. Na wewe hukujua Kiingereza.

Unakumbuka tulivyoanza? Mvua ilikuwa imetufungia ndani. Ulikuwa kwenye kigoda chako karibu na mlango, ungo wa maharagwe magotini, ukichambua na kutupa mawe ndani ya mkebe wa majani ya chai. Mimi nilikuwa nasoma kwa kunong'ona, maana mimi huona haya hata nikiwa peke yangu.

"Mume wangu," ukaniita, kwa kuwa nina jina la guka, mumeo, "unamsengenya nani huko kwenye kona?"

"Ni kifungu cha shule, Shosho."

"Soma nisikie."

"Lakini ni Kizungu."

"Kwani nimesema nitaongea? Nimesema nitasikia."

Basi nikasoma. Kilikuwa cha mwanamke aliyeuza duka la marehemu babake bila kuwaambia ndugu zake. Nilipofika katikati, maharagwe yakanyamaza. Ukasema, "Hapo umekimbia. Rudi." Mpaka leo sijui ulijuaje. Nilikuwa nimekutana na neno nisilolielewa nikalipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa wa jirani. Nikafungua kamusi, nikarudi nyuma, nikasoma pole pole, na nikasikia maharagwe yameanza tena.

Halafu ukataka nikueleze yote kwa Kiswahili. Huyo mwanamke ana bwana? Hao ndugu walikuwa wapi babao akiugua? Mbona hawakuitwa wakae chini? Ulikisikiliza kile kifungu kama udaku wa wapangaji wa ploti yetu. Nilipoangalia maswali ya karatasi, nikakuta karibu yote umeshaniuliza, na yako yalikuwa makali zaidi.

Maneno nayo ulinikamua. Nilipokuambia "reluctant" ni mtu anayekwenda na miguu inabaki, ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kumbe ni mamako akienda mkutano wa chama!" Jioni hiyo Mama alipokutuma umwambie jirani apunguze redio, ukamjibu, "Leo niko relaktant." Mama akanikazia macho. "Kimani, unamfunza nini huyu mzee?"

Kitu kimoja tu kilikukasirisha: vifungu havina mwisho. Yule mtu wa mlimani ndiye aliyekumaliza kabisa. Amepotea kwenye theluji, vidole havisikii, anaona taa ya kibanda kwa mbali, anainua mguu, halafu basi. Swali la kwanza.

"Alifika?"

"Haijaandikwa, Shosho."

"Mtu mzima na akili zake anamwacha mwenzake kwenye barafu ndipo anaanza kuuliza watu maswali? Hana adabu."

Uliniuliza siku nyingi. Ukinimiminia chai: hakuna habari ya yule wa mlimani? Nikitoka shule: na yule? Hata hospitalini, ulipovuta shati langu nikadhani unataka maji, nikainama, ukasema, "Alifika?" Nikakujibu, "Bado, Shosho." Ukatikisa kichwa kama mtu aliyecheleweshwa tu. Halafu tukakupeleka Murang'a kukuzika, nami sikulia mbele za watu. Unanijua.

Sasa sikiliza kilichonipata. Juzi Mwalimu alitupa karatasi ya majaribio, kimya kabisa, kama itakavyokuwa kesho. Nikaanza kusoma. Baada ya muda nikahisi mtu amesimama kando yangu.

"Kimani, funga mdomo. Midomo inacheza na sauti inatoka. Ukifanya hivyo siku ya mtihani watakutoa nje."

Wavulana wa nyuma wakaangua kicheko. "Mwache, Mwalimu, ni padre, anatuombea!" Toka siku hiyo jina langu ni Padre. Niaje, Padre. Padre, tubariki.

Jina si neno. Neno ni kwamba nilifunga mdomo, na kila kitu kikafungika. Macho yalifika chini ya ukurasa, mimi nikabaki juu. Nilisoma tena, tena, na sikujua ni habari ya nani. Jasho lilinitoka mpaka karatasi ikashikamana na mkono. Sijui kusoma bila sauti, Shosho. Na bila sauti sijui mahali nilipokimbia, kwa sababu wa kuniambia alikuwa ni wewe. Nimejaribu kukuwazia uniambie. Sikusikia kitu. Nilisikia redio ya jirani tu.

Leo Mama aliniachia maharagwe nichambue. Nikakalia kigoda chako, nikaweka ungo magotini na kifungu kwenye stuli mbele yangu, ili nisipoteze muda. Mdomo nimeufunga. Nikawa nasoma na kuchambua. Kilikuwa cha msichana aliyempoteza mbwa wa tajiri wake. Aya ya kwanza ikapita, mawe yakilia kwenye mkebe. Kwenye aya ya pili nikashtukia nyumba iko kimya. Nikaangalia chini. Vidole vyangu vilikuwa vimesimama, vimeshika haragwe moja.

Nilikuwa nimekimbia. Nikarudi.

Usidhani nimepona. Nimejaribu vifungu viwili, kimoja kikaniingia, kingine kikanipita. Kesho sitakuwa na ungo, nitakuwa na penseli tu, katikati ya watoto wa mitaa yote wanaotaka nafasi hizo hizo chache. Nikiipata nafasi, Mama atapumzika. Nikiikosa, nitakaa kwanza.

Mama amenipigia pasi shati, lile ulilolivuta. Nitaweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya dawati, nivichezeshe pole pole kama vinachambua maharagwe. Vikisimama, nitajua. Najua pia kifungu kitakatika mahali pabaya, kama kawaida yao, na mtu fulani ataachwa njiani mguu juu. Safari hii hutakuwepo kuuliza kama alifika.

Nitauliza mimi.

Lala salama, Shosho. Niko relaktant, lakini nitaenda.

Mjukuu wako, uliyemwita mume,
Kimani