Mguu Mfupi wa Mashine Yako

Fundi,

Sikuulizi hali, maana najua huko kaburini hakuna homa. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linanilemea, na huku Mosocho sina mtu wa kumwambia.

Mashine yako imerudi kutoka China.

Usinicheke. Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda Kisii mjini kununua vyuma vya kuchomelea, kwa yule Mhindi tuliyemzoea. Mlangoni amepanga mashine sita za kupukuchua mahindi, mpya, za kijani, maandishi ya Kichina ubavuni. Nikashika moja. Mkono wa kuzungusha ni wetu. Mdomo wa kuingizia mahindi ni wetu, pamoja na ule mkunjo uliokushinda mara nne, wewe ukatukana mpaka mke wa mchungaji akabadili njia. Nikaiweka sakafuni. Ikachechemea.

Moyo ukanilipuka paa! Unajua karakana yetu iko kwenye mteremko. Miaka yote tumekata mguu mmoja pungufu vidole viwili ili mashine isimame vizuri mle ndani, na mteja akifika kwake Marani au Birongo anatia jiwe chini. Nilipokuomba tusawazishe sakafu ulinijibu, "Gusii yote ni mteremko, wewe utasawazisha wapi?" Sasa na Wachina wamekata mguu pungufu vidole viwili. Watu wanaobuni hawafanyi hivyo. Hao wamenakili, hata kosa letu wamelibeba.

Mwenye duka akanieleza kwamba China imebadilika, serikali yao imewaachia watu wafanye biashara, sasa kila mji una viwanda na kila kiwanda kinatafuta kitu cha kutengeneza. Anauza nusu ya bei yetu. Nikamuuliza nani aliwapelekea mfano. Akasema yeye huletewa tu na wakala wa Mombasa. Sikumwamini. Tangu siku hiyo simwamini mtu, Fundi. Mteja akiingia na futi mfukoni namuuliza anataka kupima nini. Nilikuwa nimeanza mashine ya kukatia ng'ombe majani, sasa naifunika gunia kila kivuli kikipita mlangoni. Wazo likinijia nalizima, maana sijui kesho litakuwa la nani.

Nyumbani, tangu nimweleze mkeo niliyoyaona, ameshampata mwizi aliyeuza mfano wetu. Anasema ni mdogo wako Ombati, kwa sababu yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa karakana ulipolazwa. Amemkataza kukanyaga bomani. Sabato iliyopita Ombati, mzee wa kanisa mzima, aliketi benchi la nyuma peke yake, na watu wakatoka bila kumpa mkono. Hata mimi nilimpita. Na mkeo aliposema, "Kikulacho ki nguoni mwako," nilitikisa kichwa kukubali kama mtu mwema.

Ngoja nikuambie kabla sijaogopa. Wiki yako ya pili hospitalini alikuja mgeni mwenye kamera, shati jeupe pe. Alisema anafanya utafiti wa zana za wakulima. Sikumuuliza anamfanyia nani utafiti huo, kwa sababu aliniita fundi. Miaka tisa mle ndani na hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Kwa watu wote nilikuwa "yule kijana wa Nyakundi", kijana wako, mimi mwenye watoto watatu! Basi nikaipindua mashine miguu juu apime vizuri. Nikamfungulia kifuniko ayaone meno. Fundi, nilimshikia ncha ya pili ya futi! Akapiga picha, akanunua mashine moja akaondoka, nami nikabaki natabasamu peke yangu kama mpumbavu. Wewe nilikuambia nimemuuzia mkulima wa Nyamira. Ukanishika bega pale kitandani, ukasema, "Vizuri. Sasa umekua."

Sina ushahidi kwamba ni yeye. Huenda ni wakala, huenda ni Mhindi. Nimeshuku dunia nzima ili nisifike kwangu. Lakini Ombati alinipa ufunguo kila asubuhi akaenda kwenye majani chai yake. Hakuwahi hata kuvuka kizingiti.

Kesho ni Sabato. Ibada ikiisha nitasimama mbele ya mkeo na wazee niseme mgeni nilimwingiza mimi. Mkeo atanifukuza, na akinifukuza sijui nitapeleka wapi nyundo zangu wala watoto watakula nini. Naogopa, sikufichi. Hata hivyo nakuahidi, na ahadi hii sitaigeuza: sitamwacha ndugu yako azeeke na kosa langu.

Kwaheri, Tata. Ulikuwa baba yangu kuliko aliyenizaa, na nilikudanganya ukiwa kitandani.

Wako,
Onchari