Muntu wa Kukaa pa Kiti ya Nyuma

Siku ya tatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Baridi. Vidole bilikuwa gumu tangu asubui. Nilisuka bateja ine, wa mwisho na macho yangu yote ku televizyo. Leo siku ya émission, ule muchezo ya maulizo. Mu salon hakuna anasema kitu ingine.

Minapenda ile émission kupita mukate. Si kama zile zingine, fasi bwana wa cravate anauliza, munafunzi anajibu, bantu banasinzia. Hapa beko babili. Moya anaandika jibu yake pa ubao kidogo. Mwingine, ndugu ao bibi ao rafiki, eko pa kiti ya nyuma, amemugeuzia mugongo, anasema yule ameandika nini. Bakipatana, point. Bakikosana, animateur, mwenye kuuliza, anapiga kifuniko ya sufuria. Ngaa! Jibu ya kweli? Hakuna anaiomba.

Leo baliuliza mayi inachemka ku degré ngapi. Minye nilipiga kelele: mia moya! Kitana mu mukono. Yule papa aliandika mia mbili. Bibi yake, pasipo kugeuka: "Mia mbili. Huyu kila kitu anazidisha." Tulicheka mpaka niliachilia nywele ya muteja.

Mu njia ya kurudi nilifikiri. Ile jibu nilijua. Nilijifunza peke yangu ku téléphone, nyuma ya kuacha masomo. Hakuna aliniangalia. Yule papa alikosa, bote balimupenda. Juu iko na muntu anajua makosa yake. Njo utamu yote ya émission, paka pale.

Siku ya ine, tarehe 4

Nimeandikisha jina ku émission. Haraka, mbele ya kuogopa. Banachukua picha siku ya posho ingine, samedi tarehe 13. Sharti moya: kuya na muntu wako.

Yaya Bibiche, dada yangu mukubwa. Tulilala kitanda moya tangu utoto, mpaka alipoolewa akaenda Kolwezi. Nilimupigia. Alisema ndiyo. Ndiyo ya mbio, mutoto analia nyuma yake. Lakini ndiyo!

Yenga, tarehe 7

Kisha misa, hakuna kitu. Chumba yangu iko kimya mpaka minasikia frigo ya jirani. Nilienda kukaa pa mulango ya salon. Imefungwa. Jua inafika pale vizuri. Basi.

Siku ya pili, tarehe 9

Nilimutumia yaya ma-audio mingi. Rangi minapenda. Kitu minaogopa (chura). Wimbo. Hajasikiliza hata moya. Nilimupigia, nikamuuliza: minapenda bukari ya mahindi ao ya muhogo? Alisema muhogo. Mahindi! Zamani alijua. Ao njo minye nilibadilika? Hasira. Kisha haya, juu ya ile hasira.

Mama Kapinga, mwenye salon, anasikia yote. Mulomo mukali. Ananiitaka Profesa. Aliniuliza mbele ya bateja: Profesa anasomesha muntu namna ya kumujua? Bote balicheka. Na minye, kidogo.

Siku ya tano, tarehe 12

Yaya hakuyi. Mutoto iko na homa. Alituma audio, sauti ya kulia. Siwezi kumukasirikia. Nilimukasirikia.

Minajua maisha ya bateja bote. Nani bwana yake anachimba Kamatanda na hatume kitu. Nani anaficha mimba. Nani hasemeshane na shemeji yake. Ukishika kichwa ya muntu, mulomo inafunguka yenyewe. Kichwa yangu nani anashika? Nilitafuta jina moya mu hii Likasi yote. Moya.

Siku ya posho, tarehe 13

Nilienda vile vile. Nilivaa robe ya bleu, nywele nilijisuka. Pa mulango ya émission balisema: bila muntu, hapana. Nilikuwa nageuka.

Mama Kapinga alikuwa pale, amevaa pagne yake ya misa. Amekuya kuangalia tu, alisema. Siku ya posho! Siku bateja banajaa! Alipita mbele yangu, akakaa pa kiti ya nyuma kama muntu anangoja sindano.

Ulizo ya kwanza: chakula gani anapenda? Alisema samaki. Niliandika maharagi. Ngaa!

Ya pili: sayari gani inapita zote ukubwa? Mama Kapinga alisema ile kitu hajue. "Lakini huyu ataandika ya kweli. Hajue kukosa, masikini." Bantu balikufa na kucheka. Balidai point, animateur akatupatia.

Ya mwisho: akipata siku ya kupumzika, anaenda wapi? Niliandika Kolwezi. Herufi kubwa.

Mama Kapinga alisema chini chini, micro inamutafuta:

"Haendi fasi. Anakuyaka kukaa pa mulango ya salon yangu. Kila yenga. Kwangu iko ngambo ya njia, minamuonaka."

Animateur aliangalia ubao yangu. Ngaa.

Balicheka bote. Minye hapana. Nilifuta ubao na mukono mbele baniombe. Zawadi, mufuko ya bunga, ilienda kwa bengine. Mu njia nilitembea mbele yake.

Siku ya tatu, tarehe 17

Balitupitisha ku televizyo leo. Salon ilijaa. Courant ilikatika, televizyo ikazimika, nyuma ya ile ulizo ya sayari. Bateja: na kisha? Mama Kapinga alisema tulishindwa, na bakae vizuri, nywele inakauka.

Ile ulizo ya mwisho hakuisema. Nilimuangalia. Alikuwa anatafuta kitana.

Yenga, tarehe 21

Sikutaka kwenda. Nilienda.

Mulango ilikuwa wazi kidogo. Mama Kapinga ndani, peke yake, sahani kubwa yulu ya magoti. Alisema paka: "Funga, baridi inaingia."

Nilivuta kiti. Televizyo haikuwaka. Ilikuwa maharagi, na ilikuwa na mawe mingi. Tulichagua mpaka jua ikaondoka chini ya mulango.