Uji wa Kambini

Jumatatu, 20 Aprili 2020

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii ya Soweto, Moshi — wakazi wawili na kuku mmoja — kwamba sufuria kubwa ya mlimani imetoboka kitako na kustaafu. Ilipikia wapanda mlima wengi. Sasa hakuna wageni, hakuna safari, mlima wenyewe haujaonekana wiki nzima kwa mawingu ya masika. Nafasi yake imechukuliwa na sufuria ndogo. Mpishi ni yuleyule.

Tangazo la pili: shule bado zimefungwa kwa corona, kwa hiyo sebule imekuwa shule. Mwanafunzi ni Anyesi, binti yangu, kidato cha nne, katoka bweni kule Mkuu, Rombo. Mkuu wa shule ni mimi, Valerian, niliyeishia darasa la saba.

Tangu Monica, mama yake, afariki tumekuwa watu wa kupishana. Mimi mlimani, yeye bweni. Leo tumekaa meza moja, kila mtu anaangalia chumvi. Mgeni wa siku sita namjua kuliko mwanangu.

Jumanne, 21 Aprili

Nimeamua kutumia ninachokijua. Mlimani mgeni haamshwi kwa kelele. Unampelekea chai mlangoni mwa hema, unamwekea beseni la maji ya moto — wenyewe tunaita washi-washi — halafu unamwambia siku itakuwaje. Nikagonga kwa Anyesi. Chai, beseni, na taarifa: leo tunaelekea Hesabu, mwendo wa polepole, hali ya hewa mvua.

"Shikamoo baba. Mimi si mtalii."

Lakini kacheka! Kasoma hadi mchana. Alasiri nikampelekea bisi, kama kambini. Nikajiona mwalimu kamili. Nusura nijipandishe cheo.

Jumatano, 29 Aprili

Walimu wanatuma maswali kwenye grupu la WhatsApp. Mwanzoni simu ya Anyesi ililia kama vifaranga. Sasa kimya. Blessing, rafiki yake wa dawati moja, kajitoa kwenye grupu. Anashona barakoa na mama yake, anasema kitabu hatakishika tena. Anyesi kanisimulia hayo akiangalia dirishani, kama habari za mtu wa mbali.

Sahani yake imerudi na nusu ya kiburu. Ndizi zangu na maharage, vimeachwa! Nimemwuliza, kasema yuko sawa. Wageni wote husema wako sawa. Mpishi hasikilizi mdomo, anaangalia sahani. Anayeacha chakula leo ndiye anayerudishwa chini kesho.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Evaristo, kiongozi wa msafara wetu, kapiga simu. Bado hakuna mgeni hata mmoja. Nikamweleza habari za Anyesi. Kasema mtoto asukumwe, ukimwachia tu kaisha. Yeye kazi yake ndiyo hiyo, kuwafikisha watu. Nikasema sawa.

Chai ya mlangoni nimeikuta palepale, imepoa. Nimeinywa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Mei

Mwanafunzi kasoma vizuri. Hesabu, Baiolojia. Uongozi wa shule umeridhika. Hali shwari.

Jumapili, 10 Mei

Ya Ijumaa si kweli. Sijui nilikuwa namdanganya nani, maana humu hasomi mtu.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi ile nilikuta jiko la mkaa limeshawaka. Nikafurahi — mtoto kaamka mapema! Nikainama kubandika maji, nikaona kipande cha karatasi ambacho hakikuungua chote. Swali la Kemia. Alikuwa kawashia jiko mitihani yote ya mazoezi, rundo zima nililomtolea kopi mjini.

Yeye kakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kajifunika kanga ya mama yake. Akasema kwa upole tu kwamba hata wakifungua shule harudi. Haoni sababu. Wenzake wote wametawanyika, na hapa nyumbani anasoma peke yake kama kichaa anayeongea na ukuta.

Hapo nikamkumbuka Evaristo, nikasukuma. Nilihutubia! Nikasema kileleni hafiki mtu kwa kulala. Nikasema wamefika hadi wazee wa miaka sabini. Nikanyoosha mkono kuuonyesha mlima — mlima hakuna, mawingu matupu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwani kule juu kukoje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijafika, mama. Mpishi anabaki kambini."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akageuka kuniangalia. Nadhani ni mara ya kwanza tangu wafunge shule.

"Sasa wenzako wakienda, unafanya nini?"

"Napika uji. Nasubiri."

"Na wanaoshindwa?"

"Wanakunywa uji uleule."

Kuku akapita katikati yetu, akarudi. Tulikaa pale hadi mkaa ukawa majivu na maji hayajabandikwa. Sikumwambia asome. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa busara. Maneno yaliniishia tu.

Leo baada ya uji wa asubuhi kaomba kwenda Kilema kwa bibi yake, akae kidogo, amsaidie kumkatia ng'ombe majani. Nimemruhusu. Evaristo atanicheka. Lakini mgeni akizidiwa hasukumwi, anashushwa apumue. Wapo wanaopanda tena. Wapo wasiopanda. Wangu mimi kashuka kwa kupanda, maana Kilema iko juu yetu! Nikamfungia na ndizi. Ndizi, za kupeleka Kilema kwenye migomba! Akazitoa kwenye begi, akanirudishia, akatabasamu kidogo. Begi kalifunga mwenyewe. Sikuchungulia.

Mchana mama yangu kapiga simu kutoka Kilema. Mjukuu kafika, kala, kalala. Nikaanza kuuliza kama kwenye begi kuna vitabu.

"Valerian, mwache mtoto."

Nikamwacha.

Nyumba kimya. Nimeingia chumbani kwake. Kitabu cha Baiolojia hakipo, cha Kiswahili pia hakipo. Kitabu cha Hesabu kipo, juu ya kitanda, kimefungwa. Sijui kakisahau au kakiacha. Nimekifuta vumbi ambalo halikuwepo, nikakirudisha palepale.

Jikoni nimekuta bakuli lake la asubuhi. Tupu. Kalikomba hata pembeni kwa kidole.

Nimepika uji wa jioni. Mazoea — nimepika wa watu wawili. Nimeufunika.