Ukurasa wa Visima

Jumamosi, 7 Machi 1987

Chumba cha kusomea, Mishomoroni, saa tatu hadi saa sita. Nimepiga mstari matangazo sita. Fundi cherehani kwenye ukurasa wa shule. Muuza dawa za mitishamba kwenye ukurasa wa nyoka. Kinyozi kwenye historia ya mtaa. Sijui alifikaje huko.

Kitabu cha Mtaa ni mafaili manne. Yeyote aweza kuandika. Yeyote aweza kufuta kwa kupiga mstari alichoandika mwenziwe, mradi kibaki kikisomeka na sababu itiwe pembeni. Chini ya kila ukurasa pana maneno "Kwa zaidi, uliza kwa", kisha majina ya wanaojua. Hapo ndipo penye maradhi. Kila mwenye duka amegundua kwamba anajua.

Kamati ya mtaa imenipa usimamizi kwa sababu ni mwandishi wa gazeti. Miaka kumi na tisa ya kukata maneno ya watu. Sioni taabu.

Jumatatu, 9 Machi

Bwana Shali amejiandika tena kwenye ukurasa wa visima. Ni yule mwenye tangi jeupe, auzaye maji kwa mikokoteni. "Uliza kwa Bwana Shali, maji safi kuliko ya kisima chochote." Mara ya nne. Nimepiga mstari. Sababu: tangazo.

Juu yake pana mstari mwingine, mwandiko wa jirani mmoja: "Uliza kwa Bi Zuhura, utamkuta kwenye mahamri yake, moto kila asubuhi." Nimeupiga mstari huo pia. Shali asije akasema napendelea.

Jumatano, 11 Machi

Shali alinisubiri mlangoni. Kanzu ya pasi, tabasamu.

"Dada, umenifuta mara nne. Hata mwalimu wangu wa chuo hakunifuta hivyo."

Akauliza aandike nini. Nikamwambia jina na makazi, basi. Akaandika mbele yangu: "Uliza kwa Bwana Shali, mkaazi wa hapa." Safi. Sikuwa na la kupinga.

Jumamosi, 14 Machi

Joto. Foleni ya ndoo kisimani imefika barabarani. Bi Zuhura hakuitikia shikamoo yangu. Nilidhani hakusikia. Nikarudia. Alisikia.

Jumatatu, 16 Machi

Alama kubwa ya rangi nyekundu kwenye ukingo wa kisima chetu. Kitafukiwa Ijumaa.

Nimeulizauliza. Bwana afya alikuja kukagua visima kabla ya masika. Ni mgeni hapa, akaelekezwa kwenye Kitabu. Akafungua ukurasa wa visima, akakuta jina moja tu lisilopigwa mstari. Shali akamwambia kisima kilichimbwa karibu na choo cha shimo cha zamani.

Kisima kikienda, mtaa mzima utanunua maji kwa Shali. Wajane, wagonjwa, wote.

Jina lile nililiridhia mimi. Jina lililokuwa juu yake nililipiga mstari mimi. Nina hasira na nafsi yangu.

Jumanne, 17 Machi

Nilikwenda kwa bwana afya. Mtu mstaarabu. Amesema maneno hayatoshi: kama yuko anayejua zaidi, aonyeshe choo kilikuwa wapi. Atakuja Alhamisi.

Nimeuliza nyumba saba. Zote zimenijibu jina moja. Babake Bi Zuhura ndiye aliyechimba kile kisima.

Alasiri nilimkuta barazani akikanda unga.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Waja kunifuta tena?"

Nilimweleza. Hakuacha kukanda.

"Kitabu chenu chasema ajuaye ni Shali. Mwulizeni."

Nikamwambia nilikosea, nilidhani ni tangazo.

"Mimi ni tangazo?"

Jirani yake akacheka. "Tangazo la miaka sabini hilo, Bi!" Bi Zuhura alimkazia macho hadi akanyamaza.

"Nauza mahamri tangu nifiwe na mume wangu. Watu waja kula, wanauliza, nawajibu. Bila mahamri wangenijulia wapi?"

Akaniambia nimwache, ana kazi.

Jumatano, 18 Machi

Faili haliruhusiwi kutoka chumba cha kusomea. Nimelitoa.

Nilipanga foleni ya mahamri na wengine. Ilipofika zamu yangu nikafungua ukurasa wa visima mbele ya watu, nikasoma nilichokipiga mstari, nikaandika chini yake: "Uliza kwa Bi Zuhura, muuza mahamri, binti wa mchimba kisima. Alipigwa mstari kwa makosa yangu." Nikatia jina langu.

Akanitaka nisome tena. Nikasoma.

"Umeacha moto."

Sikumwelewa.

"Mahamri moto kila asubuhi. Kilichokuwepo kirudi chote."

Foleni ikacheka. Nikaongeza. Akanipa mahamri mawili kwenye gazeti. Gazeti letu, la wiki iliyopita.

"Huyo bwana afya aja saa ngapi?"

Alhamisi, 19 Machi

Bwana afya alikuja saa nne. Bi Zuhura alijifunga leso kiunoni akatangulia. Alikipita kisima bila kukitazama, akateremka mpaka kwenye tangi jeupe la Shali. Akasimama.

"Choo kilikuwa hapa."

Shali akasema bibi amezeeka, anachanganya.

"Nimezeeka ndiyo. Ndiyo sababu nilikiona."

Bwana afya aliagiza jembe. Walichimba kando ya mguu wa tangi, kina cha magoti. Likatoka jiwe pana lenye tundu katikati. Hakuna aliyehitaji kuelezwa jiwe la namna ile hutumika wapi. Mwanamke mmoja aliyekuwa amenunua maji asubuhi ile aliimwaga ndoo yake palepale.

Kisima hakifukiwi. Maji ya kisima na ya tangi yatapimwa yote mawili.

Nilimwuliza Shali kama alijua. Akasema alidhani choo kilikuwa upande wa pili. Nimeandika "alidhani". Sina ushahidi wa zaidi.

Mhariri anataka habari hii ukurasa wa tatu. Nimemwambia amtume mwingine. Mimi nimo ndani yake.

Jumamosi, 21 Machi

Asubuhi nilirudisha faili, nikaungama kwenye kamati. Wameniacha niendelee. Tumebadili sheria: atakayetajwa chini ya ukurasa, itajwe na kazi yake, msomaji ajue anamwuliza nani. Saa tano Shali aliingia, akajiongezea maneno mawili: "muuza maji". Hakunitazama. Nimeyaacha.

Alasiri nilikuwa kwa Bi Zuhura na karatasi tupu. Anasema mtaa una visima kumi na kimoja. Kitabu kinavijua vitatu. Alisema polepole, nani alichimba, mwaka gani wa njaa, kipi chumvi, kipi kilifunikwa na kwa nini. Sikumkatiza hata mara moja. Nimeandika vinne, mkono ukaniuma.

Akainua kawa juu ya bakuli la unga, akatazama chini yake.

"Unga umeumuka. Vilivyobaki njoo kesho."

Nikakunja karatasi, nikainuka, nikamwachia kiti chake cha kukaangia.